Aliposema "Usigeho"

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mbele za watu huinama na kujifanya natafuta kibanio sakafuni. Mimi ni bibi sasa, nywele zangu zimegeuka nyeupe chini ya kitambaa, lakini siku ile haijazeeka hata kidogo. Uso hunishika moto vilevile. Watu wa rika langu hapa Kamembe wanaijua, na wamenisamehe au wamechoka kunicheka, sijui. Wa rika lako nilidhani nitawaficha mpaka nife. Jana ukanilazimisha.

Jana alikuja yule mama wa Nkombo na wigi lake kwenye mfuko wa karatasi. Akakueleza anavyotaka ukate, akakueleza kwa lugha ya kisiwani kwao, mikono yake ikionyesha huku na huku kwenye paji la uso. Nawe ukatikisa kichwa. "Ndiyo, Maman, nimeelewa." Nilikuwa nimekaa pale kwenye kigoda nasuka, nikakutazama kwenye kioo. Hukuelewa hata nusu. Usibishe. Kutikisa kichwa kule nakujua, kulikuwa kwangu kabla hakujawa kwako.

Bahati yako umeme ulikatika, ukamwambia arudi leo. Kwa hiyo kaa. Weka mkasi kwenye droo kwanza, nikiuona mkononi mwako siwezi kusimulia.

Sisi tulikuwa watu wa kurudi. Ndivyo tulivyoitwa, waliorudi, ingawa mimi nilizaliwa Bukavu, upande wa Kongo, na sikuwa nimewahi kukanyaga huku Rwanda kabla vita havijatuvusha daraja na magodoro vichwani. Mtu anarudije mahali asipowahi kufika? Lakini ndivyo ilivyosemwa, nasi tukakubali. Kule ng'ambo walituambia nendeni kwenu, nyinyi Wanyarwanda. Huku tukafungua mdomo sokoni, wakasema hawa Wakongomani.

Kosa lilikuwa la mdomo tu. Nyumbani kwetu Bukavu baba na mama waliongea Kinyarwanda wao kwa wao, hasa wakitaka sisi watoto tusifuate, na sisi tulijibu kwa Kiswahili. Nikaja huku na Kinyarwanda cha kusalimia, cha kununua maharage na cha kuimba kanisani. Siku moja nilitamka vibaya jina la kitu kidogo tu dukani, mstari mzima ukacheka. Hawakunicheka kwa ubaya. Ila mimi nilikuwa msichana mwenye kiburi, najua kuvaa, najua kusuka kuliko wote, na kicheko kile kilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Toka siku hiyo nikajifunza ujanja. Mtu akiniambia kitu, nasema "yego", ndiyo, haraka haraka, natabasamu, naongeza "ndabyumva", yaani naelewa. Kisha nakisia. Mara nyingi nilikisia sawa, na hapo ndipo nilipopotea, maana ujanja ukikufaa mara nyingi unaanza kuuita akili.

Nilifanya kazi kwa Maman Julie, naye wa kutoka Bukavu kama sisi, mwanamke mnene wa kucheka na mkali wa kazi. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja, viti viwili, kioo kimoja kikubwa chenye ufa pembeni, na benchi la wanaosubiri. Wigi tuliliita perike. Yaliyokuwa yakipita mikononi mwetu yalikuwa ya kawaida, ya kuvaa kama kofia. Lile la wavu wa mbele, kama hili la mama wa Nkombo, lilikuwa kitu cha kuonekana mara moja kwa mwaka. Maman Julie alikuwa nalo moja la kwake, na juu ya hilo ndipo aliponifundisha.

Unaijua kazi yenyewe, lakini nitaisema, kwa sababu ndani yake ndimo nilimoanguka. Mbele ya wigi hili pana wavu laini, na nywele zimefungwa mojamoja humo ili uonekane umeota nazo. Wavu huja umezidi, unashuka mpaka kwenye nyusi. Unamvika mtu, unarudisha nywele nyuma kwa vibanio, unafuata mstari wa nywele zake mwenyewe, na unakata uliozidi. Hukati kwa mstari ulionyooka, kwa kuwa hakuna binadamu aliyeota nywele kwa rula. Unakata vipandevipande, mkasi mdogo, unaanzia sikioni. Na kama wavu ni mweupe kuliko ngozi, unauchovya kwenye chai ya rangi mpaka ufanane. Maman Julie alirudia jambo moja mpaka nikachoka nalo: "Nywele ya kichwa ukikosa inaota tena. Wavu haiotake. Kama hauna hakika, uache. Kesho utakata."

Vita vya Congo vilikuwa vimewaka upya. Siku nyingine tulisikia milio kutoka ng'ambo, watu wakasimama barabarani kutazama Bukavu, kisha wakaendelea na safari zao. Daraja lilifungwa na kufunguliwa bila mtu kujua kwa nini. Wiki ile Maman Julie alivuka kwenda kutafuta dawa za nywele, na daraja likafungwa nyuma yake. Nikabaki peke yangu na funguo, na nikajiona mimi ndimi mwenye saluni.

Ndipo alipoingia Mama Claudine.

Alikuwa mkulima wa Mururu, mwanamke mrefu, wa maneno machache, kitambaa kimefungwa chini kabisa mpaka karibu na nyusi. Jumamosi ile kwake kulikuwa na gusaba, wakwe wanakuja kumposa binti yake Claudine. Mdogo wake aliyekuwa Ulaya alikuwa amemtumia wigi kwa ajili ya siku hiyo, nalo lilikuwa zuri, mwanangu, la nywele fupi za heshima, za mama, si za kujionyesha. Aliketi, akatazama benchi, palikuwa na wanawake wawili wanasubiri zamu, akapunguza sauti. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni:

"Unasikia Kinyarwanda muzuri? Ama niseme Kiswahili, nitajikaza."

Ona mlango alionifungulia. Mtu alikuwa tayari kuhangaika yeye ili nisihangaike mimi. Lakini benchi lilikuwa linasikiliza. Nikajibu kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya juu, kwamba naelewa sana, yego cyane, aseme tu.

Akafungua kitambaa.

Kovu lilianza ndani ya nywele, upande wa kushoto, likashuka kwenye paji la uso hadi juu kidogo ya nyusi. Pale lilipopita nywele hazikuota tena. Sikuuliza, na hapakuwa na wa kuuliza, mwaka wa makovu yale, mwaka wa mauaji, sote tuliujua. Yeye mwenyewe hakulitaja. Aligusa tu kwa kidole na kuanza kuongea polepole, kwa Kinyarwanda, sentensi ndefu, na mimi nikawa nadaka neno hapa na neno pale kama kuku anavyodonoa. Nilidaka wakwe. Nilidaka kusalimiana. Nilidaka mtoto. Mwishoni akaweka kidole upande wa kushoto, akanitazama kwenye kioo ahakikishe namfuata, akasema:

"Hano imbere, usigeho gato."

Hapa mbele, usigeho kidogo. Wewe umezaliwa na lugha hii, unajua kwamba neno hilo lina sura mbili. Gusiga ni kuacha, kubakiza. Na gusiga ni kupaka, kama mtu anavyopaka mafuta au rangi. Anayejua anasikia tofauti kwenye wimbo wa neno na kwenye maneno yaliyotangulia. Mimi nilijua moja tu, ile ya kupaka, kwa kuwa mama yangu alitupaka mafuta kila asubuhi ya utoto wetu akilisema. Mama Claudine alikuwa ananiambia: hapa mbele bakiza wavu kidogo, usiukate wote, ushuke ufunike. Mimi nikasikia: hapa mbele paka kidogo, poda, kitu.

Nilihisi kuna kitu hakijakaa sawa. Nakuapia, nilihisi. Ingenitosha kusema, "Maman, rudia kwa Kiswahili." Nikatazama benchi. Nikasema, "Ndabyumva."

Nikachemsha chai, nikauchovya wavu, nikalitandaza wigi juu ya sufuria iliyogeuzwa, uani kwenye jua. Lilipokauka nikamvika, nikabandika pembeni. Akafumba macho ili vipande visimwingie, akaegemeza kichwa nyuma, kwenye tumbo langu. Uzito wa kichwa chake nausikia mpaka leo. Mtu akikupa kichwa chake namna ile amekupa kitu kikubwa.

Nikakata. Na nilikata vizuri, hiyo ndiyo aibu nyingine. Vipandevipande, kutoka sikioni, nikifuata mstari wa nywele zake kwa uaminifu wote, na kovu lilipofika nikafuata vilevile, nikaurudisha wavu nyuma mpaka kwenye mizizi. Kisha nikachukua poda ya Maman Julie nikapaka pale kidogo, kama nilivyoambiwa. Nikarudi nyuma hatua moja nikafurahia kazi yangu. Ungesema ameota nazo.

"Maman, angalia."

Akafumbua macho. Poda ilikuwa ya rangi nyepesi kuliko ngozi yake, ikang'aa juu ya kovu kana kwamba nimelipaka chokaa lionekane na wapita njia. Hakupiga kelele. Alisogea karibu na kioo, akagusa ukingo, akatafuta wavu ambao haukuwepo.

"Nakubwiye ngo usigeho," alisema. Nilikuambia usigeho.

"Nasizeho," nikamjibu. Nimesigaho.

"Ntiwasizeho." Hukusigaho.

"Nasizeho!" Nikamwonyesha kikopo cha poda.

Benchi lilielewa kabla yangu. Yule wa kwanza akaziba mdomo, wa pili akaguta kwa kicheko, akamweleza mwenzake kwa Kinyarwanda kwamba huyu Mkongomani kaambiwa abakize yeye kapaka. Kicheko kilekile cha dukani. Damu ikanipanda. Sikumwona tena Mama Claudine wala kichwa chake; niliona heshima yangu tu imemwagika sakafuni pamoja na vipande vya wavu. Nikamgeukia mteja wangu, mwanamke aliyenizidi umri, nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo ilisikika barabarani:

"Kosa ni ya kwako! Si ungesema tu kama unataka kuficha kovu!"

Kovu. Kwa Kinyarwanda ni inkovu. Asubuhi nzima nilikuwa nimepotea katikati ya lugha mbili, na neno pekee ambalo kila mtu katika chumba kile alilielewa bila mkalimani, ndilo hilo lililonitoka. Neno ambalo yeye alikuwa amelizunguka kwa uangalifu, kwa kidole tu, ili lisitajwe.

Kicheko kilikatika. Yule aliyekuwa anacheka akatazama paji la uso la Mama Claudine, na kisha akatazama viatu vyake mwenyewe. Mama Claudine alivua wigi taratibu, upande mmoja, halafu wa pili. Akalikunja vizuri, akalirudisha mfukoni. Akafunga kitambaa chake, akakivuta chini. Alipofika mlangoni akasema "Murakoze", asante, kwa heshima ileile aliyoingia nayo, na akaenda. Sikumfuata. Nilifagia vile vipande vya wavu nikavitia jikoni kwenye moto, nikatumaini daraja litakaa limefungwa mwaka mzima.

Lilifunguliwa Ijumaa. Maman Julie alisikia habari njiani, kabla hajatua mzigo, kwa sababu Kamembe ni Kamembe. Nilimsubiri apige kelele. Hakupiga. Alikaa kwenye kiti cha wateja, viatu mkononi, akaniuliza jambo moja tu.

"Mama alikuuliza kama atumie Kiswahili?"

"Aliniuliza, Maman."

"Na ukakataa."

"Nilisikia haya."

"Basi. Kesho utapanda Mururu. Usibebe kitu, usimupelekee sabuni wala fanta. Enda na mdomo yako ile ya kiburi."

Nilipanda kwa miguu, asubuhi na mapema. Ukiwa Mururu unaona mto Rusizi chini na Bukavu ng'ambo, nyumba zake zimejaza rasi kama kawaida, hujui kama kuna vita. Nilitazama kule nikatamani niwe bado nipo huko, mahali ambapo nikifungua mdomo sichekwi. Nyumbani kwa Mama Claudine watu walikuwa wanafunga majani ya migomba langoni na kupanga viti vya kuazima. Yeye nilimkuta chumbani, ameketi mkekani, wigi lipo mapajani mwake.

Nilipiga magoti. Nikaomba msamaha kwa Kiswahili, lugha yangu, bila ujanja. Nikamwambia naweza kukata nywele za nyuma ya wigi nizishone mbele, nitengeneze kishungi cha kufunika, saa mbili zinanitosha.

"Hapana," alisema. "Leo sitaki mikono ingine ku kichwa yangu."

Nikabaki nimepiga magoti. Kisha yeye akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua njia.

"Ile siku, wakati nilisema usigeho, weye ulisikia nini?"

"Nilisikia nipake."

"Na ulikuwa na hakika?"

"Hapana, Maman."

"Mbona haukuuliza?"

"Nilisikia haya. Bantu ya ku benchi balikuwa banasikiliza."

Akalikunja wigi.

"Unajua sababu gani nilitafuta hii perike? Mimi sivae bintu bya Ulaya. Lakini bakwe bakifika, tunakumbatiana, kichwa na kichwa, huku na huku. Kitambaa inateleza. Nilisema, siku moja tu, bantu baniangalie na bapite, baangalie mutoto wangu. Siku moja nisiulizwe." Akafunga kitambaa chake, akakikaza kwa nguvu. "Haya yako ulificha, mwana wanjye. Yangu ukaitoa inje. Kama umekuja kusaidia, kuna kazi ku jikoni."

Nilikwenda jikoni. Nimemenya ndizi maishani mwangu, lakini zile nilizimenya nikiwa siinui macho.

Wakwe walifika. Kutoka mlango wa jikoni niliona wamepanga mstari wa kusalimiana, akina mama upande huu na upande ule, kichwa kwa kichwa, kulia na kushoto, na tena. Nikawa naomba moyoni kile kitambaa kishike. Mkwe wa kwanza kikashika. Wa pili kikapanda kidogo. Shangazi wa bwana harusi alikuwa mwanamke wa furaha, mwenye kukumbatia kwa nguvu zote, na alipomwachia Mama Claudine kitambaa kilikuwa kimekaa nyuma ya masikio.

Shangazi akasema, na alisema kwa huruma, hilo ndilo baya: "Mama we, hapo kwenye uso ulipatwa na nini?"

Mstari mzima ukasimama. Wazee wa pande mbili waliokuwa wanataniana kuhusu ng'ombe wakageuka kutazama. Bibi mmoja wa upande wa wakwe, sijui alikumbuka nini cha kwake, akaanza kulia, ikabidi aketishwe. Mama Claudine alikiweka kitambaa sawa kwa mikono miwili, akasema, "Leo nimewapokea, karibuni mkae. Hayo tutayaongea siku nyingine," na sauti yake haikutetemeka. Lakini Claudine alikuwa chumbani, anasubiri kutolewa, na ukuta ulikuwa wa udongo. Alisikia kila kitu. Alipotoka baadaye macho yake yalikuwa mekundu, na watu wakamtazama mama badala ya kumtazama yeye. Posa ilifungwa, hapana aliyekataa kitu. Ila ile siku moja aliyoomba mama yule, siku moja tu ya kutoulizwa, hakuipata, na aliyeivunja nilikuwa mimi niliyesimama mlangoni na sinia ya ndizi.

Sijui kama umewahi kuona aibu ambayo haina pa kukimbilia. Ningetaka anitukane. Ningetaka anifukuze mbele ya watu. Aliniacha nikapakua, nikakusanya sahani, nikakaa nyuma ya nyumba nikisugua masufuria kwa majivu. Wakwe walipokuwa wanaaga mikono yangu ilikuwa imechanikachanika.

Ndipo akaja. Alikuwa amevua viatu vyake vya sherehe. Alinitazama ile mikono, akaingia ndani, akatoka na kopo la mafuta ya kujipaka, akaniwekea kwenye kiganja. Akasema, kwa Kinyarwanda:

"Usigeho gato."

Nilijua anasema nini, mwanangu, mtoto mdogo angejua, kopo la mafuta lipo mkononi. Lakini kinywa changu kilikuwa kimejifunza. Wanawake wengine walikuwa pale wanakausha vyombo, wote wanasikia. Nikauliza:

"Maman, niache ama nipake?"

Wanawake wakacheka. Wakacheka sana, mmoja akakaa chini. Nikangoja nife, na sikufa. Yeye hakucheka. Alinitazama muda mrefu, na uso wake ukalegea kidogo, kwa mara ya kwanza toka nimjue.

"Upake, mwana wanjye," alisema. "Sasa umeuliza."

Nikapaka, nikilia, mafuta na machozi yakachanganyika. Hakuja tena saluni kwetu. Simlaumu. Nilipokutana naye sokoni tulisalimiana, kichwa kwa kichwa, nami nilikuwa mwangalifu na kitambaa chake kuliko nilivyowahi kuwa mwangalifu na wavu wowote.

Kwa hiyo ukisikia wateja wananicheka, yule bibi anayeuliza kila kitu mara mbili, anayesema "Maman, nionyeshe kwa kidole, niambie tena, niambie kwa lugha ingine", ujue nilikotoka. Hawajui, wanadhani nimeanza kuwa kiziwi. Waache.

Nasaha yangu ni hii, nami sitaipamba. Usiseme nimeelewa kama hujaelewa. Anayeketi kwenye kiti chako amekuja na kitu ambacho hawezi kukitaja, ndiyo maana anakizungushia maneno, na wewe usipoyafuata maneno yale utamlazimisha akitaje mbele za watu. Mwambie hujaelewa. Utachekwa, ndiyo, na kicheko kitapita kabla chai haijapoa. Na siku utakapokosea, maana utakosea, usimtupie kosa uliyemkosea kwa sababu tu watu wanatazama. Lile la mkasi nilimwomba Mama Claudine msamaha akanipa. Lile la mdomo bado najiomba mwenyewe.

Mungu aipe mikono yako wepesi, mwanangu, na ulimi wako aupe unyenyekevu kuliko wangu. Kila kichwa kitakachoegemea tumboni mwako kiinuke kikiwa na amani. Wateja wako watoke humu watazamwe na wapitwe, kama walivyotaka, na wewe uzeeke bila siku ya kuitafutia kibanio sakafuni.

Haya, futa uso. Mama wa Nkombo ndiye huyo anavuka barabara, mfuko wake mkononi. Mkasi uache kwenye droo. Mpe kiti, na kabla hajafungua kitambaa mwambie: "Maman, jana sikukuelewa."